Mlinzi wa Darini: Mwongozo kwa Fundi wa Masisi na Walikale

Fundi, kabla hujapanda ngazi, kaa chini kwanza ukifungue hicho kigunduzi cha moshi ulicholetewa kutoka Goma. Ndani mna kibao kidogo cha saketi, na vipande vyake vimeshikwa kwa lehemu. Karibu nusu ya bati yote inayotumika duniani huishia kwenye lehemu ya namna hiyo, na mgodi wa Bisie, hapo Walikale, peke yake hutoa kiasi cha asilimia 6 ya bati ya dunia. Rubaya, kule Masisi, hukadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia, na kutoka kwenye koltani ndiko inakopatikana tantalamu ya kutengenezea kapasita. Bati haina kitambulisho, kwa hiyo hakuna atakayekuambia kama hii uliyoishika ilichimbwa kwetu au Indonesia. Lakini mawe yetu hushuka milimani mgongoni mwa vijana, hupanda pikipiki, hupanda lori, huvuka mipaka, na baadhi yake hayana budi kurudi yakiwa sahani nyeupe ya plastiki ya kubandika darini. Nasi tuna haki ya kulindwa nayo.

Mchukulie kigunduzi kama mlinzi uliyemwajiri. Ni mlinzi wa ajabu: halali, halewi, haombi sigara, haendi matanga. Ana kazi moja tu, kupiga kelele akinusa moshi, na ana masharti machache. Wengi wetu tunamvunjia masharti yote, kisha tunasema hafai.

Sharti la kwanza ni mahali pa kazi. Usimpeleke kila nyumba. Katika nyumba ya mbao ambamo mama anapika sombe juu ya mafiga matatu, moshi ni mkazi, una haki zake, na umekuwamo tangu enzi za babu. Ukimfunga mlinzi humo atalia asubuhi, atalia mchana, atalia jioni, na kabla ya Jumapili watoto watakuwa wamempiga jiwe. Mahali pake ni pale watu wanapolala wengi pamoja na moshi hautakiwi kabisa: bweni la shule, wodi ya hospitali, nyumba ya wageni, chumba cha mashine za oksijeni, ghala la dawa, stoo ya betri za sola, ofisi yenye kumbukumbu za ardhi. Kumbukumbu za ardhi Masisi zikiungua, mnajua wenyewe ugomvi utakaofuata.

Na tafadhali, mtu asiniambie kwamba vitu hivi ni vya Nairobi. Kenya yenyewe imezika watoto. Usiku wa tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliwaka, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 ikawa zamu ya Hillside Endarasha, Nyeri, watoto 21. Kwetu Kongo, tarehe 13 Desemba 2018, ghala la CENI, tume ya uchaguzi, liliungua Kinshasa na maelfu ya mashine za kupigia kura, siku 10 kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa kwa uchaguzi. Bweni la masista huku kwetu lina magodoro yaleyale ya sponji, vyandarua vilevile vya nailoni, mishumaa ileile ya kusomea. Tofauti ni kwamba Walikale hakuna gari la zimamoto litakalokuja. Ndiyo maana dakika tatu za mapema zina thamani kubwa zaidi Walikale kuliko Nairobi.

Sasa chagua mlinzi mwenyewe. Sokoni utakutana na wa aina mbili. Mmoja ana chembe ya ameresiamu 241, metali yenye mnururisho, na huwahi kuugundua moto wa miali mikubwa. Mwingine ana chumba cheusi chenye taa ndogo na jicho lisiloitazama taa hiyo. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika, jicho linauona, kengele inalia. Mchukue huyu wa pili. Godoro la sponji likishikwa na mshumaa mara nyingi hufuka kwanza kwa muda mrefu, linatoa moshi mzito wenye sumu kabla ya mwali kuonekana, na moshi huo ndio jicho linaouona vizuri. Tena kuna sababu inayotuhusu sisi hasa. Ameresiamu 241 huchukua miaka 432 kupungua nusu. Hospitali zetu zimeporwa mara ngapi? Nani atazunguka vichakani akiokota vigunduzi vyenye mnururisho baada ya majeshi kupita? Cha mwanga kikiibiwa, kimeibiwa tu.

Jikoni kwa shule weka kigunduzi cha joto, si cha moshi, tena kile kinachosubiri joto lifike kiwango kilichowekwa, nyuzi 58 hivi na kuendelea. Kuna kinacholia joto likipanda ghafla. Hicho kiache nje ya jiko, kwa sababu kila sufuria kubwa ya bugali ikifunuliwa kitadhani dunia imekwisha.

Haya, panda ngazi. Moshi wa moto hupanda, hugonga dari, halafu husambaa. Pembe ambapo ukuta unakutana na dari hewa hutulia na moshi huchelewa kufika, kwa hiyo kaa mbali na ukuta nusu mita. Kanuni ya Waingereza, BS 5839, inataka kila sehemu ya chumba iwe ndani ya mita 7.5 kutoka kwa kigunduzi cha moshi, na mita 5.3 kwa cha joto. Si sheria ya Kongo, najua, lakini hesabu hiyo ni ya moshi, na moshi hauna uraia. Kwa bweni la mita 20 kwa 8 vigunduzi viwili vinatosha, vikiwekwa kwenye mstari wa katikati, kila kimoja mita 5 kutoka ukuta wa mwisho.

Shida yetu ni mabati. Jengo lisilo na dari ya mbao, paa lake likipigwa na jua la saa nane, hujenga blanketi la hewa moto chini ya bati. Moshi wa moto mdogo ukifika hapo umeshapoa, unashindwa kupenya, unatandaa chini ya blanketi huku mlinzi yuko juu kwenye hewa safi. Usimgandamize kwenye bati lenyewe. Mshushe kidogo kwenye boriti, lakini asizidi sentimita 60 chini ya kilele cha paa. Na kama dari ipo, pima nafasi kati yake na bati: ikifika sentimita 80, nayo inataka mlinzi wake, maana huko juu ndiko nyaya zinakopita na ndiko panya wanakoishi.

Masisi ina ukungu. Vilima vya zaidi ya mita 2,000, ng'ombe wamelowa, mlango wa wodi unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na wingu linaingia ndani kama mgonjwa wa kwanza. Jicho la kigunduzi halitofautishi ukungu na moshi mwepesi. Kikae mbali na mlango, mbali na dirisha, mbali na bafu. Walikale adui ni mwingine: unyevu wa msitu na wadudu. Buibui mdogo akitaga ndani ya chumba cheusi, kengele italia usiku wa manane na hakutakuwa na moto. Nunua chenye wavu mzuri, kipulize vumbi kila miezi sita, na ule mfuniko wa plastiki uliokuja nacho uuache mpaka rangi ikauke na seremala amalize kupiga randa. Halafu uutoe! Kigunduzi kilichozinduliwa kikiwa bado kimefunikwa uso ni pambo, na mapambo ya aina hiyo yapo mengi kwenye majengo ya misaada.

Tumefika kwenye waya, na hapa naomba uzime redio.

Mfumo wa kawaida una nyaya mbili tu zinazotoka kwenye sanduku la kengele, volti 24. Zinaingia kigunduzi cha kwanza, zinatoka, zinaingia cha pili, zinatoka, hivyo hivyo hadi cha mwisho. Kwenye cha mwisho unafunga rezista. Thamani yake imeandikwa kwenye kitabu cha sanduku. Mara nyingi ni kiloomu 4.7, na utaitambua kwa mistari yake, njano, zambarau, nyekundu. Hako kapande ka shaba na kaboni kanakogharimu pesa ya andazi ndiko roho ya mfumo wote. Sanduku hutuma mkondo mdogo usiku na mchana, mkondo unapita kwenye rezista na kurudi, na sanduku linajua kwamba mstari mzima uko hai. Waya ukikatika, mkondo haurudi, sanduku linawasha taa ya njano na kulalamika. Nyaya zikigusana, vivyo hivyo. Moshi ukiingia, kigunduzi kinavuta mkondo zaidi, na hapo ndipo king'ora kinapolia.

Kutokana na hilo yafuate mambo mawili bila kubishana nami. La kwanza: usichepushe tawi. Ukiona chumba kimebaki pembeni, usichomoe waya katikati ya mstari ukaupeleka huko peke yake. Tawi hilo liko nje ya njia ya mkondo wa ulinzi, likikatika sanduku halitajua. Peleka mstari mpaka kwenye chumba hicho na uurudishe. La pili: kwenye skrubu ya kitako cha kigunduzi, kata waya. Fundi mvivu humenya katikati ya waya bila kuukata, anaukunja kitanzi chini ya skrubu na kuendelea. Skrubu ikilegea mwaka kesho, mkondo utaendelea kupita kwenye kitanzi huku kigunduzi kimeachwa nje. Ncha mbili, skrubu mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Menya milimita 8 tu, shaba isionekane nje, kaza, kisha vuta kwa vidole uone kama imeshika.

Kuna dhambi kubwa kuliko hizo, na nitaieleza taratibu kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Fundi amemaliza kazi, taa ya njano inawaka, sanduku linalia. Mahali fulani kwenye mita 60 za waya pamekatika. Ni jioni, mkuu wa mradi anataka kupiga picha, gari linarudi Sake kabla ya giza. Fundi anatoa rezista kwenye kigunduzi cha mwisho na kuifunga ndani ya sanduku lenyewe. Mara moja taa ya kijani. Kila mtu anapiga makofi. Kuanzia saa hiyo sanduku linajichunguza lenyewe na kujikuta zima, huku kila kigunduzi kilicho ng'ambo ya mkato kikiwa nje ya mfumo. Watoto watalala chini ya vigunduzi vilivyokufa, na wazazi wataambiwa vipo. Bora bweni lisiwe na kitu chochote, kwa sababu hapo angalau mlinzi wa zamu atazunguka na tochi. Fundi anayefanya hivyo si mjanja. Ameuza uwongo wa rangi ya kijani.

Dawa yake ni mita ya kupimia umeme na subira. Kabla ya kupachika vichwa vya vigunduzi kwenye vitako, pima mstari kutoka sandukuni. Vitako vingi hukata mstari kichwa kikiwa hakipo, kwa hiyo weka kipande cha waya kwa muda kwenye kila kitako, pima, na usome kiloomu 4.7 na chembe kidogo juu yake. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una oomu 12 hivi kwa kilomita kwa kila uzi, yaani karibu si kitu. Ukisoma mstari wazi, nenda kigunduzi cha katikati, pima tena, ujue nusu ipi ni mgonjwa. Kwa nyumba ya vigunduzi 16, vipimo vinne vitakuonyesha mahali. Mita ya volti 500 ya kupimia uzima wa ganda la waya uitumie vichwa vikiwa havijapachikwa, la sivyo utaviua vyote kwa mkupuo mmoja.

Pitisha nyaya kwenye bomba, la chuma ukiweza, kwa ajili ya panya na kwa ajili ya wanaotafuta shaba ya kuuza. Chanya nyekundu, hasi nyeusi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na asije fundi msaidizi akabadilisha rangi katikati kwa sababu nyekundu imeisha.

Chakula cha mlinzi ni betri. Gridi ya umeme haijafika Walikale. Tuna sola, tuna jenereta, na tuna siku ambazo mafuta hayakufika. Vitabu vya nje hutosheka na betri ya kuhimili saa 24. Sisi tuhesabu 72. Tuseme sanduku na vigunduzi vyake vinakula ampea 0.1 vikiwa vimetulia na ampea 0.5 king'ora kikilia nusu saa. Saa 72 mara 0.1 ni ampea-saa 7.2, nusu saa mara 0.5 ni 0.25; jumla 7.45. Ongeza robo kwa ajili ya uzee wa betri, unapata 9.3. Nunua betri mbili za volti 12, ampea-saa 12 kila moja, zifunge mfululizo ziwe volti 24. Ziandike tarehe kwa kalamu nene, na uandike pia "SI ZA KUCHAJI SIMU", kwa herufi kubwa, maana tunajuana.

Kisha radi. Watafiti waliochambua picha za setilaiti na kuchapisha mwaka 2016 waliipanga Sake, lango la Masisi, miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, zaidi ya miali 140 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, ng'ambo ya ziwa, Kivu Kusini, ilishika nafasi ya pili duniani. Tunaposikia mtu amepigwa na radi tunatafuta jirani aliyeituma. Wakati huo huo tunavuta waya wa kengele hewani kutoka wodi hadi wodi, mita 80, juu ya nguzo za mikaratusi. Waya huo hauhitaji kupigwa moja kwa moja. Radi ikianguka karibu tu, volti elfu kadhaa zinazaliwa ndani yake na kukaanga kila kigunduzi. Kama majengo yako mbali, yape kila moja sanduku lake. Kama ni lazima kuyaunganisha, fukia waya ardhini na uweke kikinga-radi pande zote mbili, panapotokea na panapoingilia. Unganisha bati la paa, sanduku na fremu za sola kwenye ardhi moja, si kila kimoja na fimbo yake. Walikale udongo umelowa, fimbo mbili ndefu zitafanya kazi. Sake ni mawe ya volkano, fimbo inagonga na kurudi. Huko chimba mtaro kuzunguka jengo, laza waya mnene wa shaba, fukia kwa udongo mweusi uliobebwa kutoka shambani.

Jambo la mwisho kubwa halimo kwenye vitabu vya Ulaya. King'ora kikilia Masisi saa nane za usiku, watu hawatawaza moto. Watawaza vita. Mwaka 2025 Sake ilichukuliwa Januari na Walikale mjini Machi. Mtoto wa miaka 10 hapa anajua kulala kifudifudi chini ya kitanda akisikia kelele za ghafla. Kulala chini ya kitanda wakati wa risasi ni akili. Wakati wa moto ni kifo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mfumo, nenda kwa chifu, nenda kwa padri na mchungaji, nenda kwa kamanda anayeshikilia kijiji siku hizo, uwaeleze sauti hiyo ni nini. Ipige mchana, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya jumuiya, kila mtu akiwa macho. Chagua king'ora chenye sauti ya kupanda na kushuka, tofauti na kengele ya shule na ya kanisa. Wafundishe watoto maneno mafupi ya kupokezana kitanda kwa kitanda: "Moto, siyo vita! Tutoke!" Msimamizi wa bweni awe na jibu lake tayari, "Niko mlangoni, wanangu, kujeni!", ili sauti ya mtu mzima wanayemjua iwavute.

Na huo mlango ufunguke kwa nje, bila kufuli, au kufuli ifunguliwe na mtu aliye ndani. Najua kwa nini mabweni ya wasichana hufungwa kwa nje katika eneo lenye watu wenye silaha. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Weka komeo zito kwa ndani, mlinzi wa kibinadamu nje, na mlango wa pili upande mwingine. Usipoweza kuwashawishi wenye shule juu ya mlango, rudisha vigunduzi vyao kwenye katoni na uwaambie kazi haijaanza.

Majaribio fanya kwa mkebe wa moshi wa kupulizia. Ukichoma karatasi chini ya kigunduzi utakijaza masizi, na kesho hutaweza kukitegemea. Kila mwezi kigunduzi kimoja tofauti, mpaka vyote vimezungukiwa. Baada ya miaka 10 badilisha vyote hata kama vinaonekana vipya. Andika kwenye daftari linaloning'inia pembeni mwa sanduku: tarehe, kigunduzi kipi, kililia au hakikulia, nani alipima. Ufunguo wa sanduku ukae na muuguzi wa zamu au msimamizi wa bweni, si kwenye mfuko wa mkurugenzi aliyeteremka Goma. Na ndani ya mlango wa sanduku bandika kifuko chenye vichwa viwili vya akiba, rezista tatu na bisibisi yake, kwa sababu barabara ya Sake ikikatwa na mvua au na watu, Nyabiondo hutazipata, Pinga hutazipata, na mstari uliokatika hautasubiri lori.